Dobi Aliyetaka Kufua Tumbo

Mtaani hapakuwa na mtu aliyempita Mzee Mkunjo kwa usafi. Jina hilo alipewa na wateja wake. Suruali ikitoka chini ya pasi yake, mkunjo ulisimama wima toka kiunoni hadi kwenye pindo. Watani walisema ukiupitishia kidole utatoka damu. Mwenyewe alitikisa kichwa akijifanya hapendi sifa. Alizipenda sana.

Alikuwa dobi tangu ujana wake. Chumba cha mbele cha nyumba ndicho kilikuwa mahali pa kazi. Palikuwa na meza ndefu iliyofunikwa blanketi kuukuu, pasi mbili, chupa ya maji ya kunyunyizia, na mashati yaliyotundikwa ukutani yakingoja wenyewe. Uani kulikuwa na mabeseni na kamba. Huko alitawala mkewe. Watu walimwita Bi Kamba, kwa sababu kuanika na kuanua ilikuwa kazi yake. Hakuna aliyethubutu kugusa vibanio vyake bila ruhusa.

Nyumba hiyo ilikuwa na sheria mbili.

Ya kwanza: mfuko kwanza, maji baadaye. Nguo haikuingia kwenye beseni kabla mifuko yake haijapekuliwa. Bi Kamba alikwisha kutoa mifukoni mwa watu funguo, misumari, kipande cha mkate kilichong'atwa, na meno ya bandia ya mwalimu mstaafu.

Ya pili: wingu likitanda, acha ulichoshika ukaanue. Siku wakwe walipokuja kuwatembelea kwa mara ya kwanza, Bi Kamba aliwaacha mlangoni na mikono yao hewani inangoja salamu. Mashuka yalikuwa kambani na wingu lilikuwa jeusi. Binti wa Bi Kamba aliolewa hivyo hivyo, na wakwe wakazoea.

Mzee Mkunjo alikuwa akiishi na virusi vya UKIMWI. Miaka mingi nyuma aliugua na kukonda hadi suruali za wateja wembamba zilimpwaya. Alipopimwa, akaambiwa ukweli, akaanza dawa za kufubaza virusi. Alizimeza kila siku bila kukosa. Virusi vikafubaa mpaka kipimo hakikuviona tena. Akanenepa, akarudi kwenye pasi. Bi Kamba hakuambukizwa, kwa sababu mtu ambaye virusi vyake vimefubaa hadi havionekani hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Wawili hao walizeeka pamoja, wakibishana kuhusu sabuni.

Kliniki ilikuwa na kikundi cha wazee wanaoishi na virusi. Walikutana mara kwa mara kwenye ukumbi mdogo wenye madirisha makubwa. Aliyewafundisha alikuwa muuguzi ambaye makoti yake meupe yalifuliwa kwa Mzee Mkunjo. Wao walimwita Nesi Kalamu. Kila koti lake lilifika na kalamu iliyosahauliwa mfukoni, na Bi Kamba alikwisha kukusanya kopo zima.

Siku hiyo Nesi Kalamu aliwauliza wazee, "Nani anajua ni nani wanaoishi tumboni mwake?"

"Minyoo!" alisema bibi mmoja, na watu wakacheka.

"Kuna wengine zaidi," alisema Nesi Kalamu. "Kwenye utumbo wa kila mmoja wetu wanaishi bakteria. Ni viumbe wadogo mno, huwezi kuwaona kwa macho. Ni wengi kuliko watu wote duniani."

Mzee Mkunjo alikunja uso. Alijitazama tumboni kama mtu aliyeambiwa ana wapangaji wasiolipa kodi.

Nesi aliendelea. "Sasa sikilizeni vizuri. Virusi vya UKIMWI huumiza utumbo mapema kabisa. Na umri ukisogea, utumbo unazidi kuchoka. Ukuta wake unaweza kulegea. Bakteria na mabaki yao wakapenya kidogo kidogo, wakaingia kwenye damu. Kwa hiyo ni muhimu sana..."

Hapo Mzee Mkunjo akatupa jicho dirishani. Wingu lilikuwa limetanda.

"Samahani, mwanangu!" alisema, akiwa amekwisha kusimama. "Nguo!"

Ukumbi mzima ukacheka. Mzee alikwenda mbio kwa miguu yake ya utu uzima. Alifika nyumbani wakati Bi Kamba anatoa shuka la kwanza kambani, wakasaidiana. Mvua iliponyesha, nguo zote zilikuwa ndani, kavu. Lakini nusu ya pili ya somo ilibaki kliniki.

Mtu mwenye nusu ya somo ni hatari kuliko asiye nalo kabisa. Asiye nalo huuliza. Mwenye nusu hujiona amemaliza.

"Bakteria," Mzee Mkunjo alijiambia akipiga pasi. "Tumboni mwangu mimi! Na wanavuja hadi kwenye damu!" Alisikia kinyaa. Maisha yake yote alikuwa amepigana na uchafu, na kumbe uchafu ulikuwa umemwingia ndani. Alijua dawa ya uchafu ni nini. Unauloweka, unausugua, unausuuza, unautoa.

Akaenda duka la dawa. Alisema kwa sauti ya mtu anayejua: "Nataka dawa ya kuua bakteria wa tumboni. Na ile ya kuendesha tumbo, litoke lote." Alisema kwa uhakika mno hata muuzaji akadhani ametumwa na daktari. Hakumwomba cheti. Hilo lilikuwa kosa la muuzaji, maana antibayotiki haziuzwi kama pipi. Kosa la kwanza lilikuwa la mzee.

Mezani pia alibadilisha mambo. Maharage akayakataa. Mboga za majani akazisukuma pembeni. Matunda akasema yana maganda. Alikula mkate mweupe na uji mweupe uliochujwa.

"Mzee, kulikoni?" aliuliza Bi Kamba. "Jana umeniachia maharage, leo umeniachia mboga. Kesho utaniachia na sahani?"

"Tumbo linapumzika, mama."

"Linapumzika kwa kazi gani liliyofanya?"

Mzee alicheka, akarudi kwenye pasi yake.

Mwanzoni alijisikia mwepesi. Akajisifu kimoyomoyo. Kisha tumbo likaanza kumwendesha lenyewe, bila kungoja dawa. Aliiacha pasi mezani akakimbia chooni, akarudi, akaishika, akakimbia tena. Tumbo lilinguruma mbele ya wateja. Mkanda wa suruali ukahitaji tundu jipya, naye akalitoboa kwa msumari mkewe akiwa uani.

Aliona tumbo halijasafika bado, akaongeza dawa.

Asubuhi moja mteja wake wa siku nyingi alirudisha suruali. Aliitandaza mezani kwa upole.

"Mzee Mkunjo, suruali hii ina barabara mbili kwenye mguu mmoja. Nifuate ipi?"

Ni kweli. Mkono ulikuwa umetetemeka, na mkunjo ukatoka mara mbili. Mzee alicheka, akaomba radhi, akaipiga upya. Lakini mteja alipoondoka, alikaa kwenye kiti. Alijitazama kwenye kioo cha ukutani ambacho wateja hujaribishia kola. Mashavu yalikuwa yamebonyea. Uso ule aliujua. Ulikuwa uso wake wa miaka ile alipokuwa mgonjwa.

"Vimerudi," alisema taratibu. "Virusi vimerudi."

Aliogopa. Hakuwa ameogopa hivyo tangu siku ya kwanza aliyoambiwa majibu yake. Aliona dawa zake zimeshindwa. Aliona meza ile ikiwa tupu na Bi Kamba akifua peke yake. Angeweza kumwambia mkewe, au kwenda kliniki. Hakufanya hata moja. Mtu akiogopa jibu huacha kuuliza swali.

Kesho yake aliishika dawa yake ya virusi kiganjani, akaitazama. "Au wewe ndiwe unayeniunguza tumbo?" aliiuliza. "Na kama umeshindwa kazi, nikumezee nini?" Kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, hakuimeza. Aliitia mfukoni mwa suruali.

Baadaye asubuhi hiyo hiyo tumbo lilimwahi kabla hajafika chooni. Alibadilisha suruali haraka, akaitupia kwenye rundo la kufua, akarudi kwenye pasi kama hakuna kilichotokea. Yaliyobaki mtu mzima haelezwi.

Lakini alisahau sheria yake mwenyewe: mfuko kwanza, maji baadaye.

Bi Kamba aliingia chumba cha mbele, mikono ina povu. Aliweka juu ya meza ya pasi vitu viwili alivyovitoa mifukoni mwa suruali ile. Cha kwanza kilikuwa pakiti ya antibayotiki iliyobaki nusu. Cha pili kilikuwa kidonge kimoja.

"Hiki nakijua," alisema akionyesha kidonge. "Nimekuona ukikimeza tangu wajukuu hawajazaliwa. Kimefikaje mfukoni?"

Mzee aliendelea kupiga pasi shati lililokwisha nyooka.

"Weka pasi chini, Mzee."

Akaiweka.

"Nilitaka tumbo lipumzike," alisema.

"Wewe na mapumziko yako! Umekonda, nimenyamaza. Umetoboa mkanda, nimeuona, nimenyamaza. Nilisema atanieleza mwenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi siko tayari kwa kifo chako. Nieleze."

Basi akamweleza. Alieleza bakteria, duka la dawa, uji uliochujwa. Alipofika kwenye kioo, alikionyesha kwa kidole. "Nadhani vimerudi, mama. Nadhani dawa zimenishinda."

Bi Kamba akaleta kopo la dawa, akatoa kidonge kingine, akamimina maji kwenye glasi.

"Meza hiki sasa hivi. Siku haijaisha. Kisha vaa viatu, tunakwenda kliniki. Kama vimerudi tutajua, na kama havijarudi tutajua. Hapa tunakisia tu."

"Na nguo zilizo kambani?"

"Mzee, uliza tena kuhusu nguo, uone."

Akavaa viatu.

Nesi Kalamu alipomwona mlangoni alisimama. "Shikamoo, mzee wangu. Njoo ukae. Umekuwaje?"

"Marahaba, mwanangu. Nimejifua."

Nesi alidhani anatania. Kisha Bi Kamba akaweka pakiti ile mezani, na Nesi akaacha kutabasamu. Alimpima uzito, joto na presha. Akamuuliza: Choo kina damu? Homa? Unakunywa maji? Ulianza lini? Mzee alijibu yote. Daktari naye akaja, akamgusa tumbo, akamwambia aache mara moja zile dawa alizojinunulia. Akaagiza apewe maji ya chumvi na sukari yaliyotengenezwa maalumu kwa mtu anayeharisha. Choo kikachukuliwa kikapimwe. Damu ikachukuliwa ili kupima wingi wa virusi.

"Majibu ya virusi yatachukua muda," alisema Nesi Kalamu. "Tukiwa tunayangoja, dawa ya virusi unameza kila siku. Hata tumbo likiuma. Hata ukiwa na hasira nayo. Ukisikia inakusumbua, unakuja hapa tunazungumza. Huiachi mwenyewe. Virusi vinangoja siku utakayoacha."

"Nimesikia."

"Umekosa mara ngapi?"

"Ni leo tu, na huyu amenimezesha." Alimwonyesha mkewe kwa kidevu.

"Mungu ambariki. Ukikumbuka siku hiyo hiyo, unameza. Sasa niambie, nani alikwambia uue bakteria wa tumboni?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulisema wako tumboni, ukuta unalegea, wanavuja. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Halafu nikasema nini?"

Mzee Mkunjo alitazama dirishani. "Halafu wingu likatanda," alisema.

Nesi Kalamu alijishika kichwa. Alitaka kucheka na alitaka kulia. Kisha akavuta kola ya koti lake jeupe.

"Nikuulize jambo la kazi yako. Koti hili ni la siku nyingi. Kwa nini huliloweki kwenye dawa ya kung'arisha usiku kucha, litoke jeupe kabisa?"

Mzee alisahau kwamba anaumwa. "Usiku kucha? Unataka kuvaa koti au matundu? Dawa ile haichagui, mwanangu. Inakula doa, ikimaliza doa inakula uzi. Nguo ya siku nyingi inafuliwa kwa upole. Sabuni laini, maji mengi, subira."

"Na doa la wino wa kalamu zangu?"

"Unalitambua kwanza. Wino una dawa yake, damu ina dawa yake. Humwagi tu dawa kali kwa sababu umesikia kuna doa mahali fulani. Huo si udobi, huo ni uharibifu!"

Nesi aliichukua ile pakiti, akaiweka mbele ya mzee.

Bi Kamba alianza kucheka kabla mumewe hajaelewa. Kisha mzee akaelewa. Alitazama pakiti, akatazama tumbo lake, akajifuta uso kwa kiganja.

"Nimejitia dawa ya kung'arisha," alisema.

"Umejitia," alisema Nesi Kalamu. "Antibayotiki haichagui. Inaua bakteria wabaya na wazuri pamoja. Na wengi wa waliomo tumboni ni wazuri, mzee wangu. Hao ndio nusu ya somo uliyoikimbia."

"Wazuri wana kazi gani?" aliuliza Bi Kamba.

"Kubwa. Kuna sehemu za chakula ambazo sisi hatuwezi kuzisaga. Yale makapi ya mboga, maganda ya maharage, nyuzi za matunda. Bakteria wazuri wanayala. Wakiyala, wanatengeneza vitu vinavyolisha ukuta wa utumbo na kuuimarisha. Pia wanawazuia wabaya wasipate nafasi, na wanawafundisha askari wa mwili kazi yao."

"Kwa hiyo maharage niliyoyakataa..."

"Yalikuwa chakula chao. Umewaua kwa dawa, waliobaki ukawanyima chakula."

"Basi nimekuwa mwenye nyumba mbaya," alisema mzee. Wote watatu wakacheka, naye akacheka zaidi, kwa sababu hakuwa amecheka siku nyingi.

Nesi alieleza polepole. Virusi vinapoingia mwilini, huwashambulia askari wengi wa mwili walioko kwenye utumbo. Dawa huvifunga virusi, lakini utumbo haurudi sikuzote kama ulivyokuwa. Uzee nao unapunguza aina za bakteria wazuri. Ukuta ukilegea, mabaki ya bakteria hupenya, na mwili huanza kupigana nayo. Ni vita vidogo, mtu havisikii. Lakini visipoisha vinauchosha moyo, mifupa na misuli.

"Ndiyo maana tunawaita wazee na kuwafundisha haya," alisema. "Dawa zimewafikisha uzeeni, sasa tunataka uzee wenyewe uwe na nguvu. Hatutaki uwaue bakteria. Tunataka uwalishe wazuri."

"Niwalishe nini?" aliuliza mzee. Sasa alikuwa amekaa mbele ya kiti, kama mteja anayesubiri nguo yake.

"Kwanza tumbo litulie. Kunywa maji hayo, kula chakula laini, usijilazimishe. Likitulia, anza kidogo kidogo. Maharage yaliyolowekwa na kuiva sawasawa. Mboga za majani za aina tofauti. Matunda. Nafaka isiyokobolewa. Ukianza kwa pupa utajaa gesi, na wateja watakimbia."

"Na maziwa ya mgando?" aliuliza Bi Kamba. "Yeye anayapenda."

"Ni mazuri, kama hayamsumbui tumbo. Yawe ya maziwa yaliyochemshwa, yawekwe safi. Tembea kila siku pia. Lala vya kutosha. Sigara na pombe kaa nazo mbali."

"Madukani nimeona makopo ya vidonge vya bakteria wazuri. Nimnunulie?"

"Usifanye haraka. Wataalamu bado wanavichunguza kwa watu wenye virusi. Vingine huenda vinasaidia, vingine ni jina tu. Chakula kwanza. Na dawa yoyote utakayotaka kuongeza, hata ya kiungulia, hata ya mitishamba, tuulize. Zipo zinazozuia dawa ya virusi isifanye kazi ikimezwa nazo pamoja."

"Kwa hiyo antibayotiki nisizimeze tena maishani?" aliuliza mzee.

"Hapana, usitoke huku ukaangukia kule. Ukiugua ugonjwa unaozihitaji, daktari atakuandikia, utameza kama ulivyoelekezwa. Kibaya ni kujiandikia. Na tumbo likikuendesha bila kukoma, ukiona damu, homa, au ukikonda bila sababu, unakuja siku hiyo. Usingoje mkeo apekue mifuko."

Siku za kungoja majibu zilikuwa ndefu. Mchana Mzee Mkunjo alifanya kazi akiwa amekaa. Bi Kamba alimwekea dawa na maji kando ya pasi, akamsimamia mpaka ameze. "Fungua mdomo nione," alimwambia, na mzee alifungua kama mjukuu wake. Tumbo lilitulia taratibu. Uji ukaacha kuchujwa. Mboga zikarudi mezani, kisha kijiko cha maharage, kisha viwili. Nguvu zilikuwa zinarudi, lakini hofu haikuondoka. Kila alipojitazama kwenye kioo alijiuliza lile lile.

Nesi Kalamu alipowaita, walikwenda wote wawili. Mzee alikaa, akashika mkono wa mkewe chini ya meza. Mikono yote miwili ilikuwa na ngozi ngumu ya sabuni.

"Choo hakikuonyesha ugonjwa," alisema Nesi. "Ni zile dawa ulizojinunulia ndizo zilizokuharibu tumbo. Na virusi..." Alitabasamu. "Vimefubaa, mzee wangu. Kipimo hakivioni. Dawa zako hazijashindwa. Zilikuwa zikifanya kazi wakati wote ulipokuwa ukizilaumu."

Machozi yalimtoka Mzee Mkunjo, naye hakuyaficha. Bi Kamba alimpa leso.

"Futa," alimwambia. "Hiyo nimeifua jana."

Mwili wa mzee haurudi kwa siku moja, lakini ulirudi. Mashavu yalijaa. Jioni, pasi zikipoa, mume na mke walitembea mpaka mwisho wa barabara na kurudi, wakibishana kuhusu sabuni kama zamani. Lile tundu jipya la mkanda halikuwa na kazi tena. Yule mteja wa suruali ya barabara mbili alichukua suruali nyingine, akaupitishia mkunjo kidole, akakivuta haraka. "Umenikata," alisema. Mzee alitikisa kichwa akijifanya hapendi sifa.

Kikundi cha wazee kikakutana tena. Nesi Kalamu alimwomba Mzee Mkunjo awaeleze wenzake yaliyompata. Akasimama akaeleza yote, hata ya ile suruali. Watu walicheka mpaka bibi wa minyoo akashika mbavu. Kisha mzee mmoja wa nyuma akanyoosha mkono polepole. Akasema na yeye ana pakiti kama ile nyumbani, na angependa kuonana na Nesi. Wawili wengine wakainamisha vichwa. Baada ya muda nao wakanyoosha mikono.

Nesi akaendelea na somo. Safari hii lilikuwa la moyo na presha. Alikuwa katikati aliponyamaza ghafla, akatazama dirishani. Ukumbi mzima ukageuka. Wingu lilikuwa limetanda, jeusi, zito. Kisha watu wote wakamgeukia Mzee Mkunjo.

Mzee aliliona wingu. Magoti yake yalishtuka yenyewe, kwa mazoea ya miaka. Akayashika kwa mikono miwili.

"Mzee wangu, nguo," alisema Nesi Kalamu. "Nenda tu, hatutakulaumu."

"Bi Kamba amekwenda kwa binti yetu," alisema mzee. "Hakuna wa kuanua."

"Sasa?"

"Malizia somo, mwanangu. Nguo ikilowa naifua tena. Mimi nilijifua mara moja, nikakoma."

Matone ya kwanza yalipiga bati. Nesi Kalamu alicheka, akarudi kwenye somo lake. Kisha akasimama tena, kama aliyekumbuka kitu.

"Mzee, kambani leo kuna nguo za nani?"

"Makoti yako yote," alisema Mzee Mkunjo. "Endelea, tunakusikiliza."